Mizani ya Ndege Iliyotengenezwa

Mwanafunzi, bila shaka umewahi kumwona mtu akibeba ndoo mbili za maji kwa mzega. Ndoo zikiwa na maji sawasawa, yeye huuweka mti begani katikati na kwenda zake bila taabu. Maji ya ndoo moja yakipungua, husogeza bega kuelekea ndoo iliyo nzito zaidi, na mzega ukatulia tena. Mtu huyo pengine hajapata kusoma kitabu cha sayansi, lakini bega lake limemfundisha ile kanuni ya wenzo uliyoisoma katika sura iliyopita: uzito ulio mbali na egemeo hugeuza wenzo kwa nguvu kubwa kuliko uzito uo huo ukiwa karibu na egemeo.

Katika sura hii tutaitazama kanuni hiyo ikifanya kazi mahali ambapo huenda hukupatarajia, yaani katika ndege ndogo ya mfano iliyoanguka, ikavunjika, ikaundwa tena. Nimeichagua habari hii kwa sababu niliishuhudia kwa macho yangu, na kwa sababu fundisho lake ni kubwa kuliko ndege yenyewe. Fundisho hilo ni hili: kitu kilichotengenezwa si kile kile cha zamani, hata kikipendeza machoni, sharti kipimwe upya kabla ya kuaminiwa.

NDEGE INAYOONGOZWA KWA NYUZI

Katika nchi nyingi za Ulaya, na huko Marekani, wako watu wazima na watoto wanaounda ndege ndogo za mbao nyepesi na kuzirusha kwa nyuzi mbili za chuma. Mrushaji husimama katikati ya uwanja ameshika mpini. Kutoka katika mpini huo nyuzi mbili nyembamba, zilizolingana urefu, huenda mpaka kwenye bawa la ndege. Ndege ina injini yake ndogo na rafadha, yaani lile pangaboi la mbele. Basi huruka ikimzunguka mrushaji kama mbuzi anavyokizunguka kigingi alichofungiwa. Mmarekani Jim Walker, wa mji wa Portland katika jimbo la Oregon, ndiye aliyeueneza sana mtindo huu katika miaka ya 1940.

Je, nyuzi hizo huiongozaje ndege? Ndani ya bawa mna kipande kigumu chenye umbo la pembetatu, kinachogeuka juu ya parafujo moja. Nyuzi mbili zimefungwa katika pembe mbili za kipande hicho. Katika pembe ya tatu umefungwa waya mnene unaokwenda nyuma hadi kwenye usukani wa mkia, ambao ni kibao kinachoweza kuinuka na kushuka. Mrushaji akiulaza mpini ili sehemu ya juu imwelekee yeye, uzi wa juu huvutwa, pembetatu hugeuka, usukani huinuka, na ndege hupanda. Akiulaza upande wa pili, ndege hushuka. Kama ulivyokwisha kutambua, pembetatu hiyo si kitu kingine ila ni wenzo.

Mchezo mmojawapo wa ndege hizi huitwa mapigano. Ndege mbili hurushwa pamoja katika duara moja, kila moja ikiburura utepe wa karatasi nyuma yake, na kila mrushaji hujaribu kuukata utepe wa mwenziwe kwa rafadha ya ndege yake. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, lililoundwa mwaka 1905, limeupa mchezo huu daraja liitwalo F2D. Katika daraja hilo ujazo wa injini hauzidi sentimita za ujazo 2.5, nyuzi zina urefu wa meta 15.92, pambano huchukua dakika 4, na kila mkato mmoja hupata pointi 100. Huenda ukashangaa kwa nini urefu ukawa meta 15.92 wala si 16 kamili. Zidisha 15.92 kwa 2, kisha kwa 3.14, nawe utapata mzingo wa karibu meta 100. Basi ndege ikizunguka mara 10 imekwenda kilometa 1.

Ni dhahiri kwamba mchezo wa namna hii hauachi ndege nyingi nzima. Zinagongana, zinanaswa na nyuzi, zinapiga pua ardhini. Kwa hiyo anayeupenda mchezo huu hujifunza kutengeneza kabla hajajifunza kushinda.

NDEGE YA MZEE JIRANI

Mwaka 2011, baada ya kufundisha sekondari kwa miaka kadhaa, nilipelekwa Uingereza kusoma elimu ya ualimu kwa mwaka mmoja. Nilipanga chumba katika nyumba iliyopakana na ya mzee mmoja, fundi mitambo aliyekwisha staafu. Alikuwa na mjukuu wa kike wa miaka kumi na miwili, ambaye alikuwa amejifunza kurusha ndege za nyuzi kwa babu yake. Wiki moja ndege waliyoipenda kuliko zote ilianguka. Mkia ulikatika, na bawa moja likapasuka karibu na ncha.

Kwa usiku mitatu mzee aliitengeneza. Aliuunganisha mkia kwa vijiti viwili vya mbao, akavizungushia uzi na kuupaka gundi. Katika bawa alitia kipande kipya cha mti wa balsa, kisha akakifunika kwa karatasi laini na rangi. Siku ya Jumamosi asubuhi ndege ilikuwa juu ya meza yake, nami nilipoitazama sikuuona mshono wowote.

Yule binti aliivaa koti yake upesi, akasema, "Babu, imepona. Twende uwanjani."

Mzee akajibu, "Imeungana, mjukuu wangu. Kama imepona, bado hatujui."

Akafungua daftari lake kuukuu, ambamo alikuwa ameandika vipimo vya ndege hiyo tangu siku ilipoundwa, akaweka mizani mezani. Binti alikaa kitini na koti lake mwilini, uso umemwiva kwa kukosa subira. Mzee hakumkemea wala hakuharakisha.

NYUZI ZIKILEGEA

Kabla ya kuendelea, yafaa uelewe mzee aliogopa nini. Ndege ile ilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo, na ilizoea kuzunguka duara lake la meta 100 kwa sekunde 4. Huo ni mwendo wa meta 25 kila sekunde, yaani kilometa 90 kwa saa, mwendo wa basi katika barabara kuu. Kitu chochote kinachozunguka huwa kinataka kwenda moja kwa moja, na nyuzi ndizo zinazokizuia. Jaribu kuzungusha jiwe dogo lililofungwa kambani, nawe utauhisi mvuto huo mkononi. Katika ndege ile mvuto ulikuwa sawa na uzito wa kilo 2, yaani mara nne ya uzito wa ndege yenyewe.

Mvuto huo si adui wa mrushaji. Ndio unaozikaza nyuzi, na nyuzi zilizokazwa ndizo pekee zinazoweza kupeleka amri ya mkono hadi kwenye mkia. Nyuzi zikilegea, mpini hauna kazi tena. Ndege inakuwa haina mwenyewe, na huanguka ipendapo, pengine juu ya kichwa cha yule aliyesimama katikati. Na aliyetaka kusimama katikati siku ile alikuwa mtoto.

Sasa fikiri: uzito ukizidi upande wa mkia, ndege hutii kupita kiasi. Mkono ukisogea kidogo tu, pua huruka juu. Mwendo hupungua ghafula. Mvuto nao hupungua, na nyuzi hulegea. Uzito ukizidi upande wa pua, ndege huwa nzito kugeuka, na ikielekezwa chini huenda isiwahi kuinuka kabla ya kugonga ardhi. Kati ya hali hizo mbili, ya kwanza huwashinda hata warushaji hodari. Ndiyo maana kila ndege ina mahali pake maalumu ambapo kitovu cha uzito sharti kiwepo.

KUTAFUTA KITOVU CHA UZITO

Kitovu cha uzito ni pale ambapo ukikitegemeza kitu, pande zote hutulia. Mzee alisimamisha vibao viwili vyembamba mezani, akaiweka ndege juu yake, kila bawa juu ya kibao chake. Chini ya mabawa kulikuwa na mstari mwekundu aliouchora zamani, unaoonyesha mahali ndege ilipotulia ilipokuwa mpya. Alipoiegemeza juu ya mstari huo, mkia ulishuka taratibu mpaka ukagusa meza. Hapo yule binti alivua koti lake na kusogeza kiti karibu.

Mizani ilionyesha gramu 495. Daftari lilisema 480. Ndege ilikuwa imeongezeka gramu 15, ambazo ni sawa na uzito wa vijiko vitatu vidogo vya maji. Gramu 12 zilikuwa katika mkia na gramu 3 katika bawa. Je, gramu 12 ni kitu? Mkononi si kitu. Lakini mkia ulikuwa sentimita 20 nyuma ya mstari mwekundu, na wewe unajua kwamba katika wenzo tunazidisha uzito kwa umbali:

12 x 20 = 240

Kitovu cha uzito kilikuwa kimerudi nyuma karibu milimita 5. Ili kukirudisha mahali pake, ilihitajika kuweka uzito mbele. Chini ya injini palikuwa na nafasi sentimita 10 mbele ya mstari. Kwa hiyo:

240 ÷ 10 = gramu 24

Mtu mwenye haraka angepachika gramu 24 za risasi, yale madini mazito ambayo wavuvi huyatumia kuzamishia nyavu zao, akaondoka. Mzee hakufanya hivyo. Alisema, "Kwanza punguza, kuongeza kuje baadaye." Akachukua msasa, akaondoa gundi iliyozidi, akavichonga vile vijiti viwili hadi vikabaki vyembamba lakini imara. Uzito ulioongezwa katika mkia ukashuka kutoka gramu 12 hadi 7. Sasa hesabu ikawa:

7 x 20 = 140
140 ÷ 10 = gramu 14

Angalia faida yake. Kwa kuondoa gramu 5 tu nyuma, alijiokolea gramu 10 mbele. Jumla ndege ilipunguziwa gramu 15. Alikifunga kipande cha risasi cha gramu 14 chini ya injini kwa parafujo, kwa sababu uzito uliobandikwa kwa gundi peke yake waweza kuchomoka angani. Safari hii ndege ilitulia juu ya mstari mwekundu.

BAWA LA NJE NA BAWA LA NDANI

Ndege ya nyuzi ina jambo moja ambalo ndege nyingine hazina. Bawa la ndani, yaani lile linalomwelekea mrushaji, hubeba uzito wa nyuzi. Ili kulisawazisha, kipande kidogo cha risasi hutiwa katika ncha ya bawa la nje. Ufa alioutengeneza mzee ulikuwa katika bawa hilo la nje, sentimita 30 kutoka katikati ya ndege, na kipande cha risasi kilikuwa sentimita 45 kutoka katikati. Gramu 3 za mbao mpya zilifanya kazi ya 3 x 30, yaani 90. Mzee akakata gramu 2 za risasi, kwa kuwa 2 x 45 nayo ni 90. Hapa dawa haikuwa kuongeza kitu, bali kuondoa. Ndege ikawa na jumla ya gramu 502.

Likabaki jambo moja ambalo mizani haiwezi kulionyesha. Mzee aliishika ndege mbele ya dirisha, akaitazama kutoka nyuma kwa jicho moja, kama seremala anavyoutazama ubao. Ncha ya bawa lililotengenezwa ilikuwa imepinda kidogo. Bawa lililopinda huinuliwa au hushushwa na hewa kuliko mwenzake, hata kama uzito umelingana. Akaipitisha ncha hiyo katika mvuke wa birika, akainyoosha kwa vidole na kuishikilia mpaka ikapoa, kisha akaitazama tena.

KUIRUSHA KWA MAJARIBIO

Tulikwenda uwanjani jioni, upepo ulipotulia. Mzee alichagua mahali palipo mbali na nguzo za umeme. Alifunga nyuzi, akasogeza mpini na kuangalia kama usukani unainuka na kushuka kama inavyotakiwa. Kisha mimi niliishika ndege kwa nguvu, naye akazivuta nyuzi kwa mizani ya springi mpaka ikaonyesha kilo 10, mara tano ya mvuto wa kuruka. Hakuna kilichoachia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyerusha kwanza. Mizunguko ya mwanzo aliifanya kwa usawa, kimo cha juu kuliko mtu, bila mchezo wowote. Ndege haikupandapanda wala kushukashuka, nyuzi zilikaza. Ndipo akaijaribu kwa duara za wima, mara ndege ikiwa imesimama sawa, mara ikiwa kichwa chini. Hapo ikaonekana kwamba ilipanda kwa duara dogo, lakini ilishuka kwa duara pana. Tulipoitua, tuliona kwamba mpini ukiwa wima usukani ulikuwa umeinuka kidogo. Mzee alirekebisha urefu wa uzi mmoja pale kwenye mpini, asiguse kitu kingine.

Nilimwuliza kwa nini asipunguze na uzito wa mbele wakati uo huo ili ndege igeuke kwa wepesi zaidi. Akanijibu, "Mwalimu, nikibadilisha mambo mawili na ndege ikawa nzuri, nitalishukuru lipi? Na ikawa mbaya, nitalilaumu lipi?" Naliandika neno hilo, nami nimewafundisha wanafunzi wengi tangu siku ile, kwa maana ndiyo kanuni ya kila jaribio la sayansi: badilisha jambo moja, mengine yaache kama yalivyo.

Ndege ilipaa mara ya pili, ikageuka sawasawa pande zote mbili. Ilipotua, mzee alimkabidhi mjukuu wake mpini na kumfunga mkononi kile kitanzi kinachouzuia usiponyoke. Binti alisimama katikati ya duara, akainua mkono kuonyesha yu tayari, nami nikaiachia ndege. Aliirusha mpaka mafuta yakaisha.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sayansi yaongeza kwamba ukisha kuuziba, pima kama ukuta ungali umesimama wima. Gurudumu la baiskeli lililotiwa njiti mpya huzungushwa kwanza baiskeli ikiwa imepinduliwa, ili ionekane kama linayumba. Tiara iliyobandikwa kiraka upande mmoja huvutika upande huo. Ngalawa iliyotiwa ubao mpya hujaribiwa katika maji matulivu. Jicho huona mshono. Halioni kitovu cha uzito. Kwa hiyo tunapima, tunaandika, tunasahihisha jambo moja moja, kisha tunajaribu mahali ambapo kosa likitokea halitamdhuru mtu.

ONYO: Usirushe tiara wala kitu chochote chenye uzi au waya karibu na nyaya za umeme. Tiara ikinasa katika nyaya, iache.

KAZI YA KUFANYA

Vifaa: karatasi ngumu, udongo wa mfinyanzi, rula, kalamu.

1. Kunja karatasi uunde ndege. Iegemeze juu ya ncha za vidole viwili, upate mahali inapotulia. Weka alama.
2. Irushe taratibu mara tano kutoka kimo cha bega. Pima umbali iliokwenda kila mara, uandike.
3. Bandika kidonge cha udongo, kadiri ya punje ya harage, katika mkia. Tafuta tena mahali inapotulia, kisha irushe mara tano. Pua inafanya nini?
4. Kihamishe kidonge kile kile mpaka kwenye pua. Rudia majaribio.
5. Kisogeze kidogo kidogo mpaka ndege iende mbali kuliko mara zote.

MASWALI

1. Kwa nini gramu 7 zilizo katika mkia zilihitaji gramu 14 katika pua?
2. Kama nafasi ya mbele ingekuwa sentimita 7 tu kutoka mstarini, zingehitajika gramu ngapi?
3. Eleza kwa nini mzee alipunguza gundi kabla ya kuongeza risasi.
4. Ni hatari gani hutokea nyuzi zikilegea?
5. Katika kazi uliyoifanya, ni jambo gani ulilibadilisha, na ni mambo gani uliyaacha yalivyo?
6. Taja kitu kimoja kilichotengenezwa nyumbani kwenu. Kilipimwaje kabla ya kutumiwa tena?